Chiriku wa milimani mwenye kichwa cha rangi ya mdalasini ndani ya kundi mchanganyiko: tunamtambuaje?

BintiWaXining (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma Xining, mkoani Qinghai, China, na mwishoni mwa Agosti nilifuatana na wenzangu wa chuo hadi kwenye njia ya milimani iliyo juu ya mita 4,700, mahali ambapo majani yanakwisha na kubaki kifusi cha mawe na vijito vya barafu inayoyeyuka. Kando ya barabara tulilikuta kundi kubwa la ndege wadogo waliokuwa wakiokota mbegu, wakiruka wote kwa pamoja kila gari lilipopita na kutua tena hatua chache mbele. Wengi wao ni chiriku wa Brandt (Leucosticte brandti), na juu ya hao sina wasiwasi. Wamo pia shomoro wa theluji kadhaa, wenye weupe mwingi kwenye mabawa, pamoja na wachache ninaowadhania kuwa chiriku wa milimani wa kawaida (Leucosticte nemoricola).

Katikati yao yuko mmoja ambaye kichwa chake kina rangi ya mdalasini, paji lake halina weusi hata kidogo, na mgongo wake, kwenye picha niliyoipata akiwa ametua, unaonekana wa kijivu na kahawia bila michirizi. Mwenzangu mmoja alitamka jina la chiriku wa Sillem, na tangu hapo sijapata utulivu. Sidai kwamba ndiye. Ninachoomba ni kuelezwa mambo gani hasa niyatazame kwenye picha kabla ya mtu yeyote kulitaja jina hilo kwa sauti, kwa sababu picha nilizonazo ni za pembe tofauti na nyingine zinamwonyesha akiwa angani.

Mzee wa Darubini

Binti yangu, umeuliza swali kwa namna inayostahili jibu refu, basi univumilie.

Tuanze na historia, kwa kuwa utambuzi wenyewe umefichwa humo. Mwaka 1929 Waholanzi walikuwa na msafara katika milima ya Karakoram ulioongozwa na Philips Christiaan Visser na mkewe Jenny Visser-Hooft, na mtaalamu wao wa ndege alikuwa Jérôme Alexander Sillem. Tarehe 8 Septemba, kwenye uwanda mkavu ulio kiasi cha mita 5,125 juu ya usawa wa bahari, Sillem alikusanya ndege wawili, dume mzima na kinda aliyekwisha kuruka. Waliandikwa kuwa chiriku wa Brandt, wakapelekwa Amsterdam na kuhifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya zoolojia pamoja na Brandt wengine. Walikaa humo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo C. S. Roselaar alipowalinganisha na Brandt wa kweli, akaona hawafanani, na mwaka 1992 akawaelezea kuwa spishi mpya kwa jina la Leucosticte sillemi. Miaka 63 ilikuwa imepita tangu wakusanywe.

Baada ya hapo ilipita miaka mingine 20 bila mtu yeyote kumwona akiwa hai. Mwezi Juni 2012 Mfaransa Yann Muzika, akitembea katika bonde la Yeniugou huko huko Qinghai uliko wewe, alimpiga picha ndege ambaye baadaye alithibitika kuwa chiriku wa Sillem, kiasi cha kilomita 1,500 mashariki mwa mahali pa kwanza. Kwa hiyo suala la eneo halikuzuii: si muujiza kumkuta Qinghai. Lakini pia halikusaidii, kwa kuwa Brandt wamejaa Qinghai, na kila anayemtafuta Sillem huko atapita kwanza katikati ya mamia ya Brandt.

Sasa nije kwenye kichwa, ambacho ndicho kilichowavutia. Ni kweli kwamba dume la Sillem lina utosi na paji la rangi ya mdalasini, ilhali dume la Brandt katika majira ya kuzaliana lina weusi kuanzia paji hadi usoni. Ila tazama kalenda. Mwishoni mwa Agosti makundi ya Brandt yamejaa ndege wa mwaka huo huo, ambao hawana weusi huo bado, na wana rangi ya kahawia iliyofifia. Majike wazima nao weusi wao ni hafifu kuliko wa madume. Isitoshe, Brandt anapovaa manyoya mapya, ncha za manyoya ya kichwani zina rangi nyepesi inayofunika weusi ulio chini yake, na weusi huo hujitokeza kadiri ncha hizo zinavyosagika miezi inavyopita. Kukosekana kwa weusi kwenye paji, kwa hiyo, kunakuambia tu kwamba huyo si dume mzima wa Brandt katika majira ya kuzaliana. Hakukuambii ni nani.

Nakuomba uweke kichwa pembeni kabisa na ututafutie bawa.

Mpekuzi

Naheshimu maelezo ya Mzee, lakini nina mashaka na msingi wa mjadala wenyewe. Spishi iliyoelezewa kutokana na ndege wawili tu, mmoja dume na mwingine kinda, tunajuaje mipaka ya rangi zake? Hatuna safu ya majike, wala ya wazima wa kila mwezi wa mwaka, kwenye kabati lolote. Huenda kile tunachokiita alama ya spishi ni sura ya ndege mmoja wa siku moja ya Septemba. Pili, ikiwa wataalamu wa makumbusho waliokuwa nao mezani, mkavu na ametulia, walipitisha zaidi ya miaka 60 bila kumtambua, mtu aliyesimama kwenye upepo mita 4,700 juu akiwa na kamera inayotetemeka atamtambuaje? Mimi naona bila sampuli ya damu au unyoya jambo hili halina mwisho.

Mzee wa Darubini

Ndugu Mpekuzi, hoja ya kwanza ni nzito na nitaigusa. Ya pili naikataa.

Wataalamu wa makumbusho hawakushindwa kumtambua, hawakumtazama. Msafara ule kazi yake kubwa ilikuwa kupima na kuchora ramani ya milima, ndege wakapewa jina la spishi ambayo kila mtu aliitegemea pale juu, na kabati likafungwa. Mara tu mtu alipowalaza ubavuni mwa Brandt, tofauti zilionekana kwa macho, tena si moja. Mgongo wa dume yule ni wa kijivu na kahawia usio na michirizi. Bawa halina lile bapa la rangi ya fedha ambalo Brandt hulionyesha kwenye kingo za manyoya ya kurukia. Uwiano wa urefu wa manyoya hayo nao ulikuwa tofauti. Na kinda alikuwa na michirizi iliyokolea mwilini, jambo ambalo kinda wa Brandt hana kabisa, kwa kuwa yeye ni wa rangi moja isiyo na michoro. Faida ya kundi mchanganyiko ni kwamba inakupa kabati hilo hilo mkononi: umempata ndege unayemshuku na Brandt watano ubavuni mwake, katika mwanga ule ule, kwenye mawe yale yale, ndani ya picha moja. Picha ya ndege aliye peke yake, hata iwe safi namna gani, mimi huithamini kidogo kuliko picha yenye ukungu iliyowakamata wawili bega kwa bega.

Kuhusu vinasaba, kazi hiyo ilifanyika, na matokeo yake yanatuhusu sisi tunaotazama rangi. Mwaka 2016 George Sangster pamoja na wenzake, Roselaar akiwa mmoja wao, walichapisha katika jarida la Ibis uchunguzi wa vinasaba vya ndege hawa. Uhalali wa spishi ulithibitishwa, lakini ikaonekana kwamba huyu si wa jenasi Leucosticte hata kidogo. Ni wa jenasi Carpodacus, yaani wale chiriku waridi, na jamaa yake wa karibu zaidi ni Carpodacus roborowskii, ambaye naye anaishi kwenye vifusi vya mawe vya uwanda wa Tibet. Kwa nini hakuna aliyelifikiria hilo mapema? Kwa sababu madume ya chiriku waridi, karibu wote, yana wekundu au uwaridi mahali fulani mwilini, na dume lile la 1929 halina hata tone. Rangi iliwapoteza. Ila kwa maoni yangu yule kinda alikuwa amekwisha kusema ukweli, maana makinda ya chiriku waridi yana michirizi hadi kifuani na makinda ya Leucosticte hayana michirizi kifuani. Ndiyo maana nasema, anayemtafuta Sillem ndani ya kundi asihangaike na madume peke yake. Amtafute pia mdogo mwenye michirizi kifuani.

Na hapo ndipo narudi kwenye hoja yako ya kwanza, ambayo ni ya haki. Majike hatuna uzoefu nayo wa kutosha kumhukumu ndege mmoja kwa kivuli cha kahawia. Orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini ilimweka chiriku huyu kwenye kundi la wale ambao taarifa zao hazitoshi, na ndivyo ilivyo. Lakini upungufu huo unatulazimisha kuegemea zaidi kwenye umbo na mpangilio wa bawa kuliko kwenye rangi, hautulazimishi kunyamaza.

NyandaZaJuuKusini

Naomba kuchangia kutoka Njombe, ingawa milima yetu haina theluji. Huku tunaye chiriku wa Kipengere (Crithagra melanochroa), ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa misitu ya milima ya kusini mwa Tanzania, na aliyeelezewa na Reichenow mwaka 1900. Kuna waliowahi kumhesabu kuwa nususpishi tu ya chiriku mdomo-mnene (Crithagra burtoni), kwa hiyo naye ameonja kufichwa chini ya jina la mwingine. Pembeni mwa msitu unaweza kumkuta karibu na chiriku wa Whyte (Crithagra whytii), ambaye naye ana michirizi, na mgeni anayehesabu michirizi peke yake huwachanganya. Sisi tunaowaongoza wageni tunawaambia waanze na mdomo, kwa kuwa wa Kipengere ana mdomo mkubwa mzito usioweza kuusahau, halafu watazame nyusi na kidevu, maana wa Whyte ana njano sehemu zote mbili. Rangi ya mwili huja mwisho, hasa asubuhi yenye ukungu ambapo kila chiriku ni wa kahawia.

Swali langu kwa Mzee: je, kwa huyu wa Tibet hatuwezi kuanza na mdomo vilevile?

Mzee wa Darubini

Asante sana ndugu wa Njombe. Utaratibu wako ni sahihi: umbo kwanza, michoro iliyo wazi pili, rangi mwisho. Ila kwa huyu wa Tibet mdomo singeupa nafasi ya kwanza. Kwa wa Kipengere tofauti ya mdomo inaonekana hata kwa darubini ya zamani, lakini kati ya Sillem na Brandt hakuna tofauti ya namna hiyo ambayo ningethubutu kuiamulia kesi kwa umbali wa mita 40. Bawa lililofunguliwa ndilo linalochukua nafasi ya mdomo wako.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa milima ya Afrika hawezi kulijua hadi alikute. Juu ya mita 4,500 mwanga ni mkali mno, na mawe meupe au mabaki ya theluji huurudisha kutoka chini, kiasi kwamba tumbo na kidevu huonekana vyeupe kuliko vilivyo, na kahawia ya kawaida hugeuka kuwa mdalasini kwenye picha. Kamera inapojaribu kuzuia mwanga huo hutia giza migongoni na kufuta michirizi hafifu. Nimeona picha za Brandt zilizopigwa mchana ambazo ungeapa kuwa mgongo hauna alama yoyote, na ndege yule yule, wingu lilipopita, akawa na vitovu vya giza katikati ya kila unyoya. Kwa hiyo, binti yangu, unapoandika kwamba mgongo ni mtupu, tuambie pia jua lilikuwa wapi, na mgongo wa Brandt aliye jirani ndani ya picha hiyo hiyo ulionekanaje.

BintiWaXining

Shikamoo Mzee, na nawashukuru nyote. Nimezipitia picha upya kwa kufuata maelekezo, nikianza na zile nilizokuwa nimeziweka kando kwa sababu hazikuvutia.

Picha ambayo ndege ametua ilipigwa saa sita na nusu mchana, jua likiwa karibu utosini. Kushoto kwake yuko Brandt dume mzima mwenye uso mweusi, na mgongo wa huyo Brandt nao hauonyeshi michirizi, ila wingu dogo la giza karibu na shingo. Mgongo wa ndege wangu ni mwepesi zaidi, lakini si wa namna nyingine.

Katika picha ya kundi likiruka, nimemfuatilia ndege huyo kutoka picha hadi picha, kwa kuwa kamera ilikuwa ikipiga mfululizo, na nina hakika ni yeye. Bawa lake limefunguka kuelekea kwangu. Manyoya ya kurukia yana kingo za rangi ya fedha zinazoungana na kufanya bapa jeupe, sawasawa kabisa na Brandt waliomzunguka. Nimejaribu kupunguza mwanga kwenye kompyuta ili nione kama ni mng'ao wa jua, lakini bapa linabaki, na kwa shomoro wa theluji aliye karibu weupe unakaa mahali tofauti kabisa, kwa hiyo si kosa la kamera.

Jambo moja limenishangaza. Kwenye ukingo wa picha ya kwanza kuna ndege mdogo ambaye sikumjali hapo awali, mwenye michirizi. Baada ya kusoma maneno ya Mzee kuhusu kinda nimemwangalia kwa muda mrefu. Mgongo una michirizi iliyo wazi. Naomba mnieleze kabla moyo haujaanza tena kwenda mbio.

Mpekuzi

Mimi nataka kujua kifua chake. Michirizi ya mgongoni peke yake si habari, kwa sababu chiriku wa milimani wa kawaida aliyetajwa na mleta uzi mwenyewe ana mgongo wa michirizi akiwa na umri wowote.

Mzee wa Darubini

Marahaba binti yangu. Kazi uliyoifanya ni nzuri, na picha ulizoziita zisizovutia ndizo zimeamua.

Ndege wa kwanza ni Brandt. Bapa la fedha kwenye bawa lililofunguka linatosha, na mgongo uliofanana na wa jirani yake unaliunga mkono. Kwa tarehe hiyo na kwa kichwa hicho, mimi ningesema ni ndege wa mwaka huu huu. Sitabishana na atakayesema ni jike, kwa kuwa kutoka pembe hiyo umri wake hauonekani vizuri. Ile rangi ya mdalasini nadhani ni kahawia ya kawaida iliyochomwa na jua la saa sita.

Kuhusu huyo wa ukingoni, Mpekuzi amegusa penyewe. Tazama mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza kifua na ubavu: kinda wa Sillem alikuwa na michirizi hadi chini, ilhali chiriku wa milimani wa kawaida ana kifua cha kijivu kisicho na mistari. Pili bega la bawa: huyo wa kawaida ana mistari myembamba myeupe inayokatiza bawa lililokunjwa, ambayo huonekana hata kwenye picha mbaya. Tatu uso: ana wepesi wa rangi juu ya jicho. Usianze na uso, kwa kuwa ndio wenye kudanganya zaidi kwenye mwanga ule.

BintiWaXining

Kifua hakina michirizi, ni cha kijivu tupu hadi tumboni. Kwenye bawa kuna mistari miwili myembamba, mmoja wazi na mwingine umefichwa nusu na manyoya ya ubavuni. Juu ya jicho siwezi kusema lolote, kichwa kimegeukia upande wa pili.

NyandaZaJuuKusini

Basi huyo ni wa kawaida, na kundi lako lilikuwa na spishi zile zile ulizoziorodhesha tangu mwanzo. Kwa mwongoza wageni hiyo ni siku njema: orodha iliyosimama baada ya kukaguliwa na watu wasiokujua.

Naomba kuuliza jambo la mwisho kwa faida ya wanaosoma uzi huu wakiwa na safari ya huko. Mtu akirudi mahali pale pale mwaka ujao, atumie muda wake wapi?

Mzee wa Darubini

Asiutumie wote kando ya barabara. Makundi makubwa ya kando ya barabara yana chakula chepesi na yamejaa Brandt, na ni mazuri kwa kujifunzia, hasa siku za kwanza: mtu akae nayo hadi amjue Brandt dume, jike na kinda, akiwa ametua na akiwa angani, hata aweze kumtaja kabla hajainua darubini. Baada ya hapo apande juu, kwenye vifusi vya mawe karibu na mita 5,000, akatazame vikundi vidogo na ndege walio wawili wawili, maana rekodi zote mbili nilizozitaja, ya 1929 na ya 2012, zilitoka kwenye ardhi ya namna hiyo iliyo karibu tupu. Mwezi Juni una faida kwamba madume ya Brandt yana weusi kamili usoni, kwa hiyo dume lisilo na weusi linajitenga lenyewe. Agosti na Septemba zina faida ya makinda, na hapo kifua chenye michirizi ndicho cha kutafuta. Apige picha mfululizo kila kundi linapoinuka, hata kama hamwoni mtu wa ajabu ndani yake, kwa sababu bawa lililofunguka halimsubiri mtu ajiandae.

Binti yangu, picha zako zisikae kwenye simu tu. Zipeleke kwenye hifadhidata ya ndege unayoitumia, kwa jina la Brandt, ukitanguliza ile ya bawa, kisha aliyetua, na uandike urefu kutoka usawa wa bahari pamoja na saa. Yule wa ukingoni muwekee picha yake peke yake, kwa jina la Leucosticte nemoricola, ili atakayekuja baadaye asimkute amefichwa ndani ya picha ya mwingine.

BintiWaXining

Nimekwisha kuzipandisha zote mbili jioni hii. Nimeongeza na ile ya shomoro wa theluji akiwa angani, kwa ajili ya kulinganisha weupe wa bawa. Mwezi Juni, chuo kikiruhusu, nitapanda hadi kwenye mawe.